Ini la kupandikizwa: namna ya kuuzuia mwili usilikatae

Ghorofa za chini za Tianxiu Dasha, jengo refu lililoko kando ya barabara ya Huanshi mjini Guangzhou, kusini mwa China, ni soko. Nguo, nywele za bandia, simu na vifaa vya umeme hupangwa hadi milangoni, na mawakala wa shehena huandaa mizigo ya kwenda Afrika. Ghorofa za juu zina ofisi na makaazi. Neno dasha kwa Kichina maana yake ni jengo kubwa, na tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 jengo hilo la mtaa wa Xiaobei limekuwa kituo mashuhuri cha wafanyabiashara wa Kiafrika wanaowasili mjini humo.

Tuchukulie kwamba miongoni mwa wanaosubiri lifti yumo mfanyabiashara wa Dar es Salaam ambaye alipandikizwa ini nchini India miezi minane iliyopita. Mkobani mwake mna vidonge vya aina tatu. Alikusudia kukaa Guangzhou siku kumi na tano, lakini kiwanda kimechelewesha mzigo wake, na sasa huenda akakaa siku ishirini na mbili. Vidonge vyake vinamtosha kwa siku kumi na nane.

Mfano huu ni wa kubuni, lakini hatari iliyomo ndani yake ni ya kweli. Pengo la siku nne laweza kuamua iwapo mtu huyo atarudi nyumbani na ini linalofanya kazi.

Askari asiyemjua mgeni

Waswahili husema, mgeni njoo mwenyeji apone. Ini jipya ni mgeni wa namna hiyo: limekuja kumponya mwenyeji wake. Tatizo ni kwamba kinga ya mwili haijui hivyo. Kazi yake ni kutofautisha kilicho cha mwili na kisicho cha mwili, na chochote cha kigeni hukihesabu kuwa adui.

Chembe nyeupe za damu ziitwazo chembe T zinapokutana na alama zilizo juu ya chembe za ini jipya, huzisoma kuwa ni za kigeni. Hapo hujizidisha na kushambulia mirija midogo ya nyongo na mishipa ya damu iliyomo ndani ya ini. Hilo ndilo linaloitwa kukataliwa kwa kiungo.

Kati ya viungo vinavyopandikizwa, ini hupokelewa na mwili kwa urahisi kuliko figo au moyo. Kwa kawaida madaktari hutazama kwanza kundi la damu na ukubwa wa ini, bila kuhitaji ulinganifu mkubwa wa vinasaba. Hata hivyo, kwa matibabu ya siku hizi, wagonjwa kati ya 10 na 30 katika kila 100 hupata angalau shambulio moja la kukataliwa, na wengi wao hulipata katika miezi mitatu ya mwanzo.

Mashambulio mengi hutulizwa kwa dozi kubwa za steroidi zinazotiwa katika mshipa kwa muda wa siku tatu. Ipo pia aina ya polepole, ambayo mirija ya nyongo hutoweka kidogo kidogo kwa miezi au miaka. Aina hiyo huwapata wachache, lakini tiba yake ni ngumu, na baadhi yao huishia kuhitaji ini jingine.

Kinachowapotosha wagonjwa wengi ni kwamba shambulio linapoanza aghalabu halina maumivu. Vimeng'enya vya ini hupanda katika damu kabla mgonjwa hajahisi homa, uchovu au macho kugeuka rangi ya manjano. Ndiyo maana mtu aliyepandikizwa ini hupimwa damu hata anapojiona mzima kabisa.

Nani aliye hatarini zaidi

Si wagonjwa wote walio katika hatari sawa. Kundi la kwanza ni wale ambao ini lao la awali liliharibiwa na kinga yao wenyewe. Kinga iliyokwisha kuzoea kulishambulia ini hailihurumii ini jipya. Vijana nao hukataa kiungo zaidi kuliko wazee, kwa kuwa kinga yao ina nguvu zaidi.

Wengine ni wale wanaopandikizwa kwa mara ya pili, waliowahi kupata shambulio la kukataliwa, wenye kingamwili dhidi ya chembe za mtoaji, na waliopewa ini la kundi la damu lisilolingana na lao. Hao wa mwisho huhitaji matayarisho maalumu, yakiwemo kusafisha kingamwili katika damu kabla ya upasuaji.

Lipo pia kundi ambalo hatari yake hutokana na dawa zenyewe. Mgonjwa ambaye figo zake zimechoka hawezi kuvumilia dozi kamili ya dawa kuu ya kuzuia kukataliwa. Mgonjwa aliyepandikizwa kwa sababu ya saratani ya ini huhofiwa kwamba kinga ikishushwa mno, saratani itarudi. Kwa hao, kila miligramu ina gharama pande zote mbili.

Mfanyabiashara wa mfano wetu yumo katika makundi mawili kwa pamoja: ini lake liliharibiwa na kinga yake mwenyewe, na figo zake zilidhoofika kabla ya upasuaji.

Kutoka udongoni hadi hospitalini

Machi 1, 1963, daktari wa upasuaji Thomas Starzl alijaribu kwa mara ya kwanza kumpandikiza binadamu ini, mjini Denver nchini Marekani. Mgonjwa, mtoto wa miaka mitatu, alifariki dunia mezani. Baadaye mbinu za upasuaji ziliboreka, na mwaka 1967 wagonjwa wa Starzl walianza kuishi zaidi ya mwaka mmoja. Hata hivyo wengi waliendelea kufa, ama kwa kukataliwa kwa ini au kwa maambukizi yaliyosababishwa na dawa za kushusha kinga.

Mabadiliko yalitoka udongoni. Kuvu iliyopatikana katika udongo wa Norway ilitoa saiklosporini, dawa ambayo daktari Roy Calne wa Cambridge, Uingereza, alianza kuwapa wagonjwa mwishoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1984 watafiti wa Japani walipata takrolimasi kutoka kwa bakteria wa udongo wa eneo la Tsukuba. Timu ya Starzl mjini Pittsburgh ilianza kuitumia kwa wagonjwa mwaka 1989, na leo ndiyo nguzo ya matibabu karibu kila mahali ambapo ini hupandikizwa. Katika vituo vikubwa, takriban wagonjwa tisa kati ya kumi huwa hai mwaka mmoja baada ya upasuaji.

Takrolimasi huzinyamazisha chembe T kabla hazijatoa amri ya shambulio. Lakini nafasi kati ya dozi inayofaa na dozi inayodhuru ni finyu. Ikipungua, ini hukataliwa. Ikizidi, huharibu figo, hupandisha shinikizo la damu na sukari, husababisha kutetemeka kwa mikono, na hufungua mlango kwa maradhi.

Kwa hiyo madaktari hawatazami idadi ya vidonge pekee, bali kiasi kilichobaki katika damu muda mfupi kabla ya dozi ya asubuhi. Mara nyingi hulengwa nanogramu 6 hadi 10 kwa mililita katika wiki nne za mwanzo, na 4 hadi 8 baada ya hapo. Daktari hurekebisha viwango hivyo kwa kumtazama mgonjwa aliye mbele yake.

Kwa mgonjwa mwenye hatari kubwa, mbinu ni kugawa mzigo. Mwenye figo dhaifu huweza kupewa basiliksimabu, kingamwili inayotengenezwa maabara, siku ya upasuaji na tena siku ya nne. Dawa hiyo huzuia chembe T zisijizidishe, na hivyo takrolimasi yaweza kucheleweshwa au kuanzishwa kwa kiasi kidogo hadi figo zipate nafuu. Maikofenoleti huongezwa ili kuziba pengo. Dawa hii huweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, na mwanamke anayetaka kushika mimba hana budi kuzungumza na daktari mapema.

Aliyepandikizwa kwa sababu ya kinga kuliharibu ini lake mara nyingi hubakizwa kwenye dozi ndogo ya prednisoloni kwa muda mrefu, wakati wagonjwa wengine huachishwa dawa hiyo baada ya miezi michache. Hivyo ndivyo mfanyabiashara wetu alivyofika Guangzhou na vidonge vya aina tatu. Kila aina inabeba sehemu ya kazi ambayo nyingine haiwezi kuibeba peke yake.

Jaribio la Guangzhou

Katika wilaya hiyo hiyo ya Yuexiu, iliko Tianxiu Dasha, ipo Hospitali ya Kwanza ya Chuo Kikuu cha Sun Yat-sen. Mwezi Julai mwaka 2017 madaktari wake, wakiongozwa na Profesa He Xiaoshun, walipandikiza ini bila ya kulikatia mtiririko wa damu.

Kwa desturi, ini hutolewa kwa mtoaji, hupozwa kwenye barafu na kukaa saa kadhaa bila damu. Damu inaporudishwa, chembe zilizoumia hutoa ishara za dharura, na ishara hizo huiamsha kinga. Timu ya Guangzhou iliunganisha ini na mashine inayolipatia damu yenye joto na hewa, tangu linapotolewa hadi linapowekwa mahali pake papya. Matokeo ya utafiti wao yaliyochapishwa mwaka 2023 yalionyesha kwamba maini ya namna hiyo yalipata matatizo machache zaidi katika siku za mwanzo kuliko yaliyohifadhiwa kwenye barafu.

Hata hivyo mashine hiyo haimwondolei mgonjwa vidonge. Inapunguza kelele za mwanzo tu. Ulinzi wa miaka inayofuata hubaki mikononi mwa mgonjwa.

Dawa zinazogombana

Takrolimasi huvunjwavunjwa na vimeng'enya vilivyomo katika ini na utumbo. Kitu chochote kinachogusa vimeng'enya hivyo hubadili kiwango cha dawa katika damu, hata kama mgonjwa amemeza idadi ile ile ya vidonge.

Nchini China hutumika vidonge viitwavyo Wuzhi, vinavyotokana na mmea wa asili ambao matunda yake hutumika kutibu ini. Vidonge hivyo hupandisha kiwango cha takrolimasi, na baadhi ya madaktari wa huko huvitumia kwa makusudi ili mgonjwa atosheke na dozi ndogo ya dawa ghali. Hatari huanza mgonjwa anapovuka mpaka. Akivinunua mwenyewe, takrolimasi yaweza kupanda na kuumiza figo. Aliyevizoea akiviacha arudipo Afrika Mashariki, kiwango hushuka, na kinga huamka.

Upande wa nyumbani, dawa inayoogopwa zaidi ni rifampisini, inayotibu kifua kikuu. Huharakisha kuvunjwa kwa takrolimasi kiasi kwamba dozi ya kawaida huwa kama haijamezwa. Kifua kikuu chenyewe huwapata kwa urahisi watu walioshushwa kinga. Kwa hiyo mgonjwa wa namna hiyo asianzishiwe tiba ya kifua kikuu kabla daktari wake wa ini hajajulishwa. Ipo rifabutini, ambayo athari yake kwa takrolimasi ni ndogo zaidi, na viwango vya damu hupimwa mara kwa mara.

Dawa fulani za fangasi, baadhi ya antibiotiki kama klarithromaisini, na tunda la balungi hupandisha kiwango. Baadhi ya dawa za kifafa hukishusha. Kuharisha, kinyume na wanavyodhani wengi, hukipandisha. Dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki, zinazonunuliwa dukani bila cheti, huziongezea figo mzigo. Kuhusu dawa za mitishamba, ziwe za Kichina au za Kiafrika, kanuni ni moja: zisitumiwe kabla ya kuulizwa daktari anayefuatilia ini hilo.

Dalili moja, maradhi mawili

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 duniani waliishi na homa ya ini sugu ya aina ya B. Milioni 97 kati yao walikuwa katika kanda ya Pasifiki ya Magharibi, ambamo China imo, na milioni 65 katika kanda ya Afrika. Virusi hivyo ni miongoni mwa sababu kuu zinazowafikisha watu kwenye upandikizaji.

Baada ya upasuaji, virusi hutaka kurudi na kuliharibu ini jipya. Huzuiwa kwa dawa kama entekaviri au tenofoviri, na kwa baadhi ya wagonjwa huongezwa sindano za kingamwili. Mgonjwa akiacha dawa hizo, vimeng'enya hupanda, sawasawa na vinavyopanda mwili unapolikataa ini.

Kwa macho, na hata kwa kipimo cha kawaida cha damu, ni vigumu kuzitofautisha hali hizo mbili. Lakini tiba zake zinapingana: steroidi zinazotuliza kinga huvipa virusi nafasi ya kuzaana. Ndiyo maana madaktari huchukua kipande kidogo cha nyama ya ini kwa sindano na kukitazama kwa darubini kabla ya kuamua. Mgonjwa anayejiongezea steroidi kwa kukisia huweza kuliua ini alilotaka kuliokoa.

Saa, mikoba na mipaka

China iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa tano. Aliyezoea kumeza dawa saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, akifika Guangzhou saa zake huwa ni saa saba mchana na saa saba za usiku. La muhimu ni pengo la saa kumi na mbili. Msafiri hupanga na daktari wake, kabla ya kuondoka, jinsi ya kusogeza saa hizo taratibu. Dozi ikisahaulika, mbili zisimezwe kwa pamoja ili kufidia.

Wazungumzaji wa Kiswahili wana mtego wa ziada. Pakiti ya dawa iliyoandikwa 8 na 20 inamaanisha saa mbili asubuhi na saa mbili usiku. Anayesoma 8 kuwa saa nane atameza dawa saa sita baadaye kuliko inavyotakiwa.

Aina ya takrolimasi nayo ni muhimu. Zipo za kumezwa mara mbili kwa siku na zipo zinazotoa dawa polepole, za mara moja kwa siku. Kuzichanganya kumewahi kuwadhuru wagonjwa, na mwaka 2012 mamlaka ya dawa ya Uingereza ilishauri dawa hiyo iandikwe kwa jina la kampuni ili isibadilishwe kiholela. Anayelazimika kununua ugenini aende hospitali yenye kitengo cha upandikizaji, akiwa na pakiti ya zamani na barua ya daktari, wala asinunue kwa kuonyesha picha ya kidonge tu.

Dawa husafiri katika mkoba wa mkononi, kamwe si ndani ya shehena. Akiba nayo izidi siku za safari kwa wiki kadhaa. Aprili 2020, wakati wa janga la korona, Waafrika wengi mjini Guangzhou walitolewa katika nyumba na hoteli, baadhi wakalala mitaani, na serikali za Kiafrika pamoja na Umoja wa Afrika zikalalamika kwa Beijing. Wakati huo huo safari nyingi za ndege zilikuwa zimesitishwa. Mwenye dawa za siku chache tu wakati kama huo hana pa kukimbilia.

Lipo pia suala la chanjo ya homa ya manjano, ambayo cheti chake hudaiwa katika mipaka mingi. Chanjo hiyo ina virusi hai vilivyodhoofishwa, na haipaswi kupewa mtu anayetumia dawa za kushusha kinga. Kanuni za kimataifa za afya huruhusu daktari kumwandikia cheti cha msamaha.

Ini limetoka wapi

Swali jingine haliwezi kukwepwa na yeyote anayetazama China kama mahali pa kupata kiungo. Mwaka 2005 naibu waziri wa afya wa nchi hiyo, Huang Jiefu, ambaye mwenyewe ni mpasuaji wa ini, alikiri kwamba viungo vingi vilitoka kwa wafungwa waliotekelezewa hukumu ya kifo. Kanuni za mwaka 2007 zilipiga marufuku uuzaji wa viungo, na mwaka huo huo serikali iliwazuia wageni wasije kupandikizwa kama watalii. Beijing ilitangaza kwamba tangu Januari 1, 2015 viungo hutoka kwa watoaji wa hiari pekee. Mashirika ya haki za binadamu na baadhi ya madaktari wa nchi nyingine hawajaridhishwa na maelezo hayo.

Suala hilo linahusu maadili, na linahusu tiba pia. Mgonjwa aliyenunua kiungo kwa njia ya siri hurudi nyumbani bila taarifa za mtoaji, bila kumbukumbu za dozi na bila daktari wa kumpigia simu. Anayemhudumia baadaye hulazimika kukisia, na kwa mgonjwa mwenye hatari kubwa kukisia ni hatari yenyewe.

Wagonjwa wengi wa Afrika Mashariki wanaohitaji ini huenda India, ambako sheria hutaka kamati ya idhini ichunguze uhusiano wa mtoaji na mpokeaji pale mgeni anapohusika. Nyumbani, ujuzi umejengeka zaidi katika figo. Muhimbili ilianza kupandikiza figo mwaka 2017, Hospitali ya Benjamin Mkapa mjini Dodoma mwaka 2018, na Mulago nchini Uganda mwaka 2023. Waliopandikizwa figo hutumia dawa hizi hizi, kwa hiyo madaktari wa vituo hivyo wanazifahamu takrolimasi na vipimo vyake, na aliyepandikizwa ini ana faida ya kujitambulisha kwao mapema kabla ya kuugua.

Kwa mfanyabiashara wa Tianxiu Dasha, uamuzi wa busara ni wa kawaida kabisa. Mzigo unaweza kukabidhiwa wakala, ukasafiri bila mwenyewe. Vidonge haviwezi kungoja kiwanda. Apige simu kwa daktari wake leo, siku kumi na nane zingali zipo, na wala asisubiri hadi afungue pakiti ya mwisho.